Makomeo ya Mbao

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu, anauliza kama huko chuoni likizo zimefutwa au ni wewe tu umetusahau. Binti yetu, somo yako, amekuwa wa pili darasani katika hesabu na amenuna siku tatu kwa sababu hakuwa wa kwanza. Ulimpa jina, naona ukampa na tabia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapa ukumbini iko mezani kwa meneja, na huwezi kumteta mtu huku umeegemea meza yake. Tumepata meneja mpya. Amekuja na mabegi mawili na kitabu kimoja, na kitabu chenyewe ni chako. Anasema ulimfundisha usimamizi wa sanaa miaka mitatu. Mafundi wa jukwaa tumeshampa jina la Kanuni, maana kila jambo kwake lina ukurasa. Juzi nilimwomba misumari, nikahofia ataniuliza iko ukurasa wa ngapi.

Sasa sikiliza. Ukumbi wetu una milango minne ya watazamaji, unaijua: mmoja wa mbele na mitatu ya ubavuni inayotokea uchochoroni. Kanuni amenitaka nitie makomeo ya chuma kwa ndani kwenye ile mitatu, kila komeo na kufuli lake, funguo akae nazo yeye. Kisa ni wazamiaji: mmoja akiingia kwa tiketi, anawafungulia wenzake kumi. Nilipomuuliza watu watatokaje kukitokea la kutokea, alinifungulia kitabu. "Mlango mmoja, watazamaji wanaojulikana." Ni maneno yako.

Nisamehe, kitabu chako sikukimaliza. Nilikwama kwenye shukrani: umewataja watu arobaini na mimi simo. Lakini nilimuuliza Kanuni lile jedwali la muda wa kutoka liko wapi. Akasema hakuna jedwali kama hilo. Nikamwambia lipo, mimi ndiye niliyeshika saa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ulinisimamisha kwenye kona ya mwisho ya ukumbi wa chuo na saa ya kupimia mbio, ukaniambia nisitoke kabla ya mtu wa mwisho. Saa yenyewe ninayo mpaka leo.

Hebu mwambie mwanafunzi wako liko ukurasa gani.

Mdogo wako,
Fundi

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka katibu akachungulia. Ulikuwa na miaka kumi na saba na ulikula chakula cha mahafali yangu mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yako.

Huyo mnayemwita Kanuni ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha. Mvumilieni. Kitabu changu kinatumika katika kumbi kumi na moja sasa, na hakuna aliyelalamika.

Nina habari, na usiitangaze bado. Faili langu limefika kwenye jopo la uprofesa. Wewe unajua nilianzia wapi. Niliingia idara hii nikiigiza mtumishi anayeleta chai, na wakubwa wakaendelea kuniona hivyo hivyo hata baada ya shahada ya tatu: kwenye vikao, birika likiisha maji, macho yote yalinigeukia mimi. Miaka ishirini na sita. Vijana wawili niliowasahihishia barua zao za kuomba kazi sasa wanaitwa profesa, na mmoja wao ndiye anayeniambia "jitahidi, mama". Nimechoka kujitahidi. Safari hii jina hilo nalitaka, na sioni aibu kusema nalitaka.

Kuhusu jedwali, nadhani lilipotea tulipohama ofisi. Ni mambo ya zamani.

Mbusu somo yangu. Mwambie wa pili ndiye anayesikia pumzi za wa kwanza.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikutaka kukusumbua tena lakini hili lazima nikuambie.

Jumanne tulikuwa na wanafunzi mia tatu wa shule za msingi. Katikati ya mchezo taa ya kushoto, ile iliyo karibu mno na pazia, ilipasuka. Pazia likaungua ukingo, alama ya ukubwa wa sahani. Nililizima kwa ndoo ya mchanga na hakuna aliyeumia. Lakini watoto waliona moshi wakaanza kutoka, na wote wakaelekea mlango mmoja. Nilitoa saa mfukoni, mazoea tu. Dakika saba na sekunde kumi. Mia tatu, Dada, tena watoto wembamba, tena walimu wao wanawapanga foleni. Ukumbi ukijaa unachukua mia sita.

Nilikwenda kwa Kanuni. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Aliniletea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Fundi, mimi siwezi kubadilisha kitabu kwa sababu ya balbu moja. Mwalimu akiniandikia nifungue, nitafungua siku hiyo hiyo, sitamuuliza kwa nini. Lakini aandike."

Basi andika. Sikuombi insha. Mstari mmoja unatosha: Fungua milango. Na jina lako chini.

Taa nimeomba isogezwe. Wanasema mpaka bajeti ya mwaka ujao.

Mdogo wako,
Fundi

17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa mshtuko, na ahsante kwa ile ndoo ya mchanga. Nimeisoma barua yako mara nne.

Nitaandika. Nakuahidi nitaandika. Lakini nipe mpaka baada ya tarehe 20 Juni. Siku hiyo, jopo likinipitisha, natoa mhadhara wangu wa uprofesa. Ukumbi wenu ndio mfano mkuu katika faili langu: kabla ya mlango mmoja na baada yake. Nikimwandikia Kanuni leo kwamba afungue, ataitunza barua hiyo kwenye jalada, maana anatunza hata karatasi za kufungia sabuni, na mtu wa kwanza kuliomba jalada hilo atakuwa mtu wa jopo. Atauliza: kama mwandishi mwenyewe hakiamini kitabu chake, sisi tumpe uprofesa wa nini?

Wiki tisa tu. Nimesubiri miaka ishirini na sita, wewe ushindwe kusubiri wiki tisa? Subira yavuta heri.

Hakikisha ndoo za mchanga zimejaa.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Subira yavuta heri, na ngojangoja huumiza matumbo. Zote mbili ulinifundisha wewe. Nilikaa kimya wiki mbili kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua ya hasira huandikwa na mtu mwingine.

Sasa hasira imeisha, na nina jambo la kukuchekesha.

Wiki iliyopita Kanuni alikuwa safarini kwenye semina. Nikayang'oa makomeo yote matatu ya chuma. Nikachonga mengine ya mbao laini, ile tunayotumia kutengenezea viti vya kuvunjiwa mgongoni kwenye michezo ya ugomvi. Nikayapaka gundi, nikayanyunyizia unga wa penseli, nikayasugua kwa kitambaa mpaka yakang'aa kama chuma kilichoshikwa na mikono mingi. Hata kutu nilitia kidogo kwenye kona. Makufuli nikafinyanga kwa karatasi na gundi. Mtoto wa miaka minane akiegemea mlango, komeo linakatika na mlango unafunguka. Nimejaribu na la ziada.

Kanuni alirudi, akapita kukagua kama kawaida yake, akayatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akayapiga picha! Anasema picha ni za mhadhara wako. Nilikwenda nyuma ya jukwaa nikacheka mpaka machozi. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza panga zisizokata na mikate isiyolika, na hii ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, na hakuna wa kunipigia makofi ila wewe.

Tunajua wawili tu. Makomeo ya chuma nimeyafunga kwenye gunia chini ya ngazi. Wewe endelea na uprofesa wako, na mimi nilale.

Mdogo wako,
Fundi

13 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Jopo limeniandikia. Kabla ya uamuzi wanamtuma mgeni kutoka chuo kingine aje huko kwenu, Jumatano tarehe 3 Juni, auone ukumbi kwa macho yake. Ninamfahamu. Alikuwa mkaguzi wa majengo ya sanaa kabla ya kuwa msomi. Huyo hatazami tu, anashika, anatikisa. Akitikisa kufuli la karatasi likambakia mkononi, hataandika "fundi ni hodari". Ataandika kwamba mfano wangu mkuu ni maigizo. Kanuni atafukuzwa, wewe utafukuzwa, na mimi nitabaki kichekesho cha idara mpaka nizikwe.

Nakuomba, rudisha ya chuma siku hiyo moja. Jumatano asubuhi uyatie, Jumatano jioni uyatoe. Jumatano hakuna mchezo, ukumbi utakuwa mtupu, hakuna atakayedhurika.

Na kwa kuwa nakuomba kitu kikubwa, nikupe na mimi ukweli. Jedwali halikupotea. Nililitoa mwenyewe, siku nne kabla ya kuwasilisha tasnifu iliyokuja kuwa kitabu. Kila nilipolisoma liliibomoa hoja yangu yote, na sikuwa na muda wa kuandika nyingine, na nilikuwa mwanamke peke yangu katika idara, nikijua sitapewa nafasi ya pili. Lipo kwenye droo ya meza yangu, chini kabisa. Kila muhula nikisafisha droo nalitoa, nafuta vumbi, nalirudisha. Ndiyo maana sikukuweka kwenye shukrani. Nisingeweza kukushukuru bila kusema kwa lipi.

Baada ya tarehe 20 nitalitoa hadharani mwenyewe, nikiwa na jina ambalo hakuna wa kulipuuza. Niamini.

Dada yako

21 Mei

Dada,

Barua yako ilikaa mfukoni siku tano. Wifi yako aliniuliza kama kuna msiba.

Kuhusu ile droo. Miaka yote nilidhani umenisahau tu, na kusahauliwa nilishakuzoea. Hili ni jingine. Lakini wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, ulinilipia ufundi kwa mshahara wa kuigiza mtumishi wa chai, na mimi sina mizani ya kukupimia.

Nitafanya. Jumatano asubuhi chuma, jioni mbao. Siku moja.

Fundi

29 Mei

Mdogo wangu,

Haraka haraka, basi la mizigo linaondoka.

Mgeni ameahirisha. Sasa atakuja Jumamosi tarehe 6 Juni. Anasema ukumbi mtupu haumwambii kitu, anataka kuona mfumo ukifanya kazi na watu ndani. Atakaa mpaka mwisho wa mchezo. Kwa hiyo ya chuma yawepo Jumamosi, mpaka atakapoondoka.

Najua utakasirika. Siku moja, ndugu yangu. Hesabu siku zote ambazo ukumbi huo umesimama bila kuungua, kisha uniambie moja ina uzito gani.

Dada yako

2 Juni

Dada,

Jumamosi ni tamasha la shule za sekondari. Viti mia sita vimekwisha na Kanuni ameongeza mabenchi. Unalijua hilo? Au hukuuliza?

Nilitaka kukataa. Nilikaa nimelishika gunia la makomeo mapajani kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwisho nimeona njia, na nakuambia mapema ili usishtuke.

Mgeni anataka kuona mfumo ukifanya kazi. Vizuri, auone wote. Mchezo ukiisha watu wataanza kutoka, na nitakuwa nimemweka mtu kwenye kona ya mwisho, ubavuni kwa mlango wa tatu, na saa. Mtu wa mwisho akitoka, saa inabonyezwa, na karatasi anapelekewa mgeni mkononi: watu wangapi, mlango mmoja, dakika ngapi. Sitasema neno. Mkaguzi wa majengo akiona namba hiyo hatahitaji barua ya mtu. Wewe hutakuwa umeandika kitu, kwa hiyo faili lako ni safi, na milango itafunguliwa kwa mdomo wake. Si vizuri hivyo?

Mtu wa saa ni somo yako. Aliposikia ni kazi uliyonipa mimi zamani, aliruka. Hataki hata kuuona mchezo, anataka kuhesabu tu. Kila jioni anafanya mazoezi sebuleni, anabonyeza wifi yako akiingia jikoni, anabonyeza akitoka. Nimemwambia kama ulivyoniambia: usitoke kabla ya mtu wa mwisho.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni nitarudisha ya mbao, na sitayatoa tena hata akija mfalme.

Fundi

6 Juni, asubuhi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii, ninayoituma kwa dereva aliyemleta mgeni, itakukuta na afya njema.

Nimeona nikuandikie kabla ya milango kufunguliwa, au niseme kabla ya mlango kufunguliwa, maana ni mmoja, na nakumbuka ulivyotukataza kosa hilo darasani. Mgeni amefika mapema. Amezunguka ukumbi wote. Alilishika kila komeo, akalitikisa, akasema: "Hii ni kazi ya kweli." Nilimjibu kwamba nimejifunza kwa mtu wa kweli. Tumemwandalia kiti karibu kabisa na mlango, ili aone kila anayeingia.

Jambo dogo la kukuchekesha. Ndugu yako alikuja asubuhi akaniomba, mgeni akishayajaribu kwa funguo, niyaache makufuli wazi, yaning'inie tu kwa sura. Nilimwambia, "Fundi, wewe umezoea vitu vya sura, mimi nimefundishwa vitu vyenyewe." Nimeyafunga kwa mkono wangu, na funguo ziko mfuko wa ndani wa koti langu, upande wa moyo. Akaenda kujaza ndoo za mchanga. Ni mfanyakazi mzuri lakini ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga.

Watoto wameshajaa uani, sare za shule nane. Nimewahesabu tiketi kwa tiketi: mia sita na kumi na wawili. Hakuna hata mzamiaji mmoja, Mwalimu. Hakuna hata mmoja.

Leo utajivunia.

Mwanafunzi wako daima,
Meneja wa Ukumbi

7 Juni, Jumapili

Mdogo wangu,

Leo nimeamka na moyo mwepesi, nikasema nianze na wewe.

Dereva alinifikishia barua ya Kanuni jana mchana, alikuwa na haraka, hata chai hakunywa. Mgeni ameridhika! Ameyashika makomeo yote. Mdogo wangu, nadhani nimelipata. Nimelitamka mbele ya kioo, jina langu na neno lile mbele yake, kama msichana anayejaribu jina la mume. Usimwambie mtu.

Nimeanza kuandika mhadhara. Na nataka ujue nimeufungua kwa kukutaja wewe. Sentensi ya kwanza: "Miaka ishirini na mbili iliyopita, kijana mmoja alisimama kwenye kona ya ukumbi akiwa na saa." Nitalieleza jedwali, lote, mbele ya makamu mkuu wa chuo na wote. Uje ukae mstari wa mbele na wifi yangu, na somo yangu avae lile gauni la njano.

Niambie alipata dakika ngapi. Mwambie aniandikie yeye mwenyewe, kwa mwandiko wake, nitaibandika karatasi yake pembeni ya ile yako ya zamani.

Umesharudisha ya mbao?

Chuo kimelala Jumapili, simu haziiti. Kuna ukimya mzuri.

Dada yako

15 Juni

Dada,

Barua yako ya Jumapili ilifika Jumanne, wakati tunatoka makaburini. Postamasta alinipa kwa mikono miwili.

Najua ulipata habari Jumatatu kwa redio, na najua ulikuja, na nilimwambia wifi yako asikufungulie. Sikuweza. Nakuandikia sasa kwa sababu wewe ni mtu wa kutaka kujua mambo yalivyokuwa, na sitaki uyasikie kwa magazeti.

Ilikuwa taa ile ile ya kushoto. Safari hii pazia lote lilishika mara moja, na ndoo zangu hazikufaa kitu. Watoto waliokuwa jukwaani niliwatoa kwa mlango wa mafundi, wote. Mgeni alikuwa wa kwanza kutoka mbele, kiti chake kilikuwa pale pale. Waliokaa ubavuni walikimbilia milango ya ubavuni, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Nilisikia kutoka nje, uchochoroni, wakiisukuma. Nilikuwa na shoka, niliuvunja wa kwanza. Kanuni alirudi ndani na funguo zake, akaufungua wa pili, na kufuli lilikuwa limeshapata moto. Amelazwa, mikono yake hata sijui kama atashika tena kalamu. Usimlaumu. Alisoma alichofundishwa.

Mlango wa tatu hatukuuwahi.

Wamebaki ndani tisa. Wenzake somo yako waliopona wanasema moshi ulipoanza alibonyeza saa, akasimama pale pale ukutani. Walimvuta mkono. Akawaambia yeye ni wa mwisho, baba ndivyo alivyosema. Ni mtoto mtiifu, Dada. Hilo halikutoka kwako wala kwangu, sijui alilitoa wapi.

Mimi ndiye niliyemweka pale. Wewe uliomba chuma, mimi nikatia. Wewe uliniambia siku moja, mimi nikakubali siku moja. Nimejaribu usiku na mchana kuugawa mzigo huu ili wako uwe mkubwa kuliko wangu, na kila nikigawa unatoka sawasawa.

Walinipa vitu vyake hospitali, jioni ile ile. Saa ilikuwa kwenye kiganja. Kioo kimepasuka lakini ilikuwa inatembea, Dada. Aliianzisha na hakuna aliyeisimamisha. Nilitaka kuibonyeza, kidole kikakataa. Niliiweka mezani, mimi na wifi yako tukakaa tukaisikiliza mpaka ufunguo ulipoisha wenyewe, karibu na alfajiri.

Uliniuliza alipata dakika ngapi. Sina cha kukuandikia.

Usije kwanza. Nitakuita mimi.

Fundi

20 Juni

Kwa mameneja wa kumbi zote kumi na moja zinazotumia kitabu changu,

Fungueni milango yote.

Leo nilipaswa kutoa mhadhara. Makamu mkuu wa chuo ameniambia jopo limenipitisha tangu asubuhi ya tarehe 6, mgeni alipowapigia simu kwamba ameridhika, na kwamba yaliyotokea mchana wake yanaweza kuelezwa kama ajali ya umeme. Nimemrudishia barua yake ya uteuzi. Mahali pa mhadhara nimekaa ofisini, naziandika hizi kumi na moja kwa mkono wangu, moja moja, ili msiseme ni karatasi ya kupita tu.

Pamoja na barua hii kuna jedwali. Lilipaswa kuwa ukurasa wa tisini na nne wa kitabu. Watu mia nne, milango minne: dakika mbili na sekunde arobaini. Watu hao hao, mlango mmoja: dakika tisa na sekunde ishirini. Vipimo ni sahihi. Alivipima ndugu yangu, fundi wa jukwaa, ambaye sikumshukuru popote. Nililitoa jedwali hili kwa mkono wangu nikijua linasema nini, na nikaliweka kwenye droo miaka ishirini na mbili.

Safu ya tatu, ya watu mia sita na kumi na wawili, nimeiacha wazi sehemu ya dakika. Mwenye kushika saa alikuwa na miaka kumi na minne. Jina lake na langu ni moja.

Msiniandikie kuniuliza ukurasa. Yeyote anayesoma mpaka hapa na milango yake bado imefungwa, aiweke barua hii chini, aende akafungue.

Mwalimu